"Kama kiumbe hafi, tunarusha dadu za nini?"

Swali la msomaji:

"Habari za siku, mwalimu. Mimi ni mpenzi wa Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani ya safari za angani ya miaka ya 1960. Mwaka huu nimekusanya marafiki watano, tunacheza michezo ya kuigiza mezani, ambamo kila mchezaji huwa mhusika wa hadithi na dadu huamua kama tendo lake limefaulu, na mimi ndiye msimulizi. Nilichagua kipindi cha 'The Devil in the Dark' kwa sababu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nilikitazama upya na kuandika kila tukio kwa mpangilio wake. Mezani mambo yakaharibika. Walipomkuta kiumbe kwenye handaki walimfyatulia wote kwa pamoja, na dadu zikawakubali. Nikasema hajafa. Wakafyatua tena, nikasema bado. Mmoja akaniuliza, 'Kama kiumbe hafi, tunarusha dadu za nini?' Aliyekuwa nahodha naye aliwaamuru wenzake kila kitu, na mwingine aliyekwisha kukiona kipindi hicho alikaa kimya jioni nzima. Je, hadithi za televisheni hazifai kwa michezo hii? Au niwabane zaidi wafuate njia? Na siku nikiiandika ikakaa sawa, ninaweza kuiuza?"

Jibu:

Ndugu yangu, rafiki yako aliyeuliza habari za dadu ndiye aliyegusa penyewe, kwa hiyo naanzia kwake. Dadu hurushwa pale ambapo mambo yanaweza kwenda hivi au vile. Wewe ulikuwa umeshaamua, tangu ulipokaa na daftari mbele ya televisheni, kwamba kiumbe hafi mpaka siri yake ijulikane. Wachezaji waliuhisi uamuzi huo kabla hata ya kuuelewa. Mchezaji akishahisi kwamba tendo lake halibadilishi kitu, hubaki na njia mbili tu: kubishana nawe au kusinzia.

Kwa hiyo usiwabane zaidi. Wala usizitupe hadithi hizi, maana zinafaa sana, na zile za zamani zinafaa pengine kuliko za siku hizi, kwa sababu karibu kila kipindi kilisimama peke yake: mahali pamoja, tatizo moja, watu wachache, na mwisho ndani ya saa moja. Ulichopeleka mezani ni hadithi iliyokwisha kutokea. Unachotakiwa kupeleka ni hali: nani anataka nini, nani hajui nini, na nini kitatokea wote wakikaa tu. Mwisho uache nyumbani.

Nikieleze kipindi chenyewe kwa wasiokijua. Kilirushwa Machi 1967, na mwandishi wake ni Gene L. Coon. Kwenye sayari ya Janus VI kuna mgodi, na wachimbaji wapatao 50 wameuawa na kiumbe anayepita ndani ya mwamba kwa kuuyeyusha kwa asidi. Nahodha Kirk na wenzake wa chombo cha Enterprise wanaitwa kusaidia. Kiumbe anaiba pampu ya kinu cha nyuklia kinachowaweka watu hai pale chini, na pampu ya kubahatisha anayoiunda fundi Scott haitadumu. Mwishoni inajulikana kwamba yale mawe ya mviringo ya silikoni, ambayo wachimbaji waliyakuta kwa maelfu na kuyavunja ovyo, ni mayai. Kiumbe huyo, Horta, ni mama, na ndiye pekee aliyebaki wa kizazi chake kuyalinda. Spock, msaidizi wa Kirk, anaunganisha akili yake na ya Horta, daktari McCoy anaziba jeraha lake kwa zege, na pande mbili zinakubaliana: watoto wa Horta watatoboa mahandaki, watu watachukua madini.

Sasa mtazame Kirk kwa makini, maana watu hukikumbuka kipindi hiki vibaya. Wanakumbuka nahodha mwenye huruma. Lakini Kirk anaanza kwa kuamuru kiumbe auawe. Yeye na Spock wanapomkuta mara ya kwanza wanamfyatulia wote wawili na kumjeruhi, kipande cha mwili wake kinadondoka. Wachezaji wako walifanya kilekile alichofanya Kirk. Tofauti ni kwamba Coon ndiye aliyeshika kalamu ya pande zote mbili. Alimhitaji Horta akiwa hai, kwa hiyo Horta akakimbilia mwambani. Mtazamaji hauoni mkono wa mwandishi, ila wachezaji wako waliuona wako, umewekwa juu ya dadu zao.

Kuna jambo la pili ambalo televisheni hufanya na meza haiwezi. Jiwe la silikoni limekaa kwenye meza ya Vanderberg, mkuu wa mgodi. Kamera inalipitia, mtazamaji analiona bila kuambiwa neno, na baadaye anajipongeza kwa kuligundua. Wewe huna kamera. Ukilitaja jiwe katikati ya vitu kumi, litasahaulika. Ukilitaja peke yake kwa sauti nzito, umeshatoa jibu. Dawa ambayo wasimulizi wazoefu wameifikia ni kuweka ukweli uleule sehemu tatu tofauti, tena kwa namna tatu tofauti, ili asiyeuona hapa aukute pale. Kwenye mgodi wako, ya kwanza ni jiwe lenyewe. Ya pili ni kumbukumbu za kazi: vifo vilianza baada ya kufunguliwa ngazi mpya ya mgodi, ileile yalikopatikana mawe. Ya tatu ni mwenendo wa mnyama, kwamba akijeruhiwa hukimbilia upande uleule kila mara, na kwamba mwenye akili ya kuchagua pampu moja tu, ile ambayo kinu hakiwezi kwenda bila yake, hawezi kuwa mnyama wa kawaida. Na vidokezo hivi usivifungie nyuma ya dadu. Mwaka 2007 Robin D. Laws alitoa mfumo wa kanuni uitwao GUMSHOE, wenye wazo moja ninalokuomba uliibe hata kama mnatumia kanuni nyingine: mhusika mwenye ujuzi unaofaa, akitafuta mahali panapofaa, hupata kidokezo bila kurusha chochote. Dadu zibaki kwa mambo ya hatari. Kuelewa kinachoendelea ni haki yao.

Unapoandaa upya, weka daftari la matukio pembeni, chukua karatasi moja, na usiandike humo tukio lolote la baadaye. Andika kwamba Horta anataka mayai yake yaanguliwe, na ameiba pampu ili watu waondoke. Vanderberg anataka uzalishaji urudi, na amezika watu wake, kwa hiyo ana hasira halali. Wachimbaji wanataka kulipiza. Pampu ya muda itakufa, na ikifa, kila mtu lazima ahame. Saa hiyo ya pampu ndiyo inayosukuma mchezo. Iandike kwa hatua nne au tano na kila hatua iwe na dalili wanayoihisi: taa zinafifia, hewa inakuwa nzito, Vanderberg anagawa marungu na silaha bila kuuliza mtu. Wachezaji wakisitasita, saa inasogea. Hapo huna haja ya kuwasukuma wewe.

Ongeza na wanawake, tafadhali. Katika kipindi kile hakuna mwanamke hata mmoja anayetamka neno, na mgodi wako hauna sababu ya kurithi hilo.

Na wakimuua je? Waache wamuue. Hapa ndipo wasimulizi wengi huogopa, na hapa ndipo palipo na mchezo ambao kipindi chenyewe hakikuufikia. Horta amekufa, wachimbaji wanashangilia. Lakini pampu haijulikani iko wapi, kwa kuwa aliyeificha ndiye huyo aliyeuawa. Wanashuka kuitafuta na kukuta ukumbi uliojaa mawe ya mviringo, mengine yamesagwa na mashine za mgodi. Moja linapasuka mbele yao, kinatoka kitoto. Nani atawalea hao maelfu? Nani atawafundisha mwamba upi wapite na upi wauache, wakati vyumba vya watu vimo humohumo? Wachimbaji watataka wayamalize yote usiku huo. Wachezaji wako watajikuta wamesimama kati ya marungu na mayai, huku damu ya mama iko mikononi mwao, na hukuwahubiria neno. Walifyatua wenyewe, dadu zikakubali, na ulimwengu ukajibu. Kama jioni ile ungesema tu, "Amekufa," ungekuwa na kikao cha pili mkononi.

Wasipomuua, watahitaji njia ya kuongea naye. Kipindi kina Spock na uwezo wake wa kuingia akilini mwa mwingine, ambao ni ufunguo uliotengenezwa kwa kufuli hiyo moja. Kama mezani kwako hakuna mwenye uwezo huo, usimlete mhusika wako kuwafanyia kazi. Tumia kitu kingine kilichomo mlemle: Horta anaunguza maandishi kwenye mwamba, maneno matatu yanayoweza kusomwa kama ombi la kutouawa au kama ahadi ya kutoua. Wape wachezaji ujumbe wenye sura mbili za namna hiyo, uone watakavyobishana. Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko jirani na hapo: Spock, aliyetaka mwanzoni kiumbe ashikwe akiwa hai, anamhimiza Kirk amuue upesi pindi rafiki yake anapokuwa hatarini, naye Kirk, aliyetoa amri ya kuua, anakataa kwa sababu kiumbe hamshambulii. Watu wawili wamebadilishana misimamo. Hilo huwezi kuliandikia wachezaji. Linazaliwa lenyewe ukiwapa hatari ya kweli na muda wa kuongea.

Kuhusu huyu aliyekiona kipindi, kosa ambalo watu hulifanya ni kumtaka ajifanye hajui. Hiyo ni adhabu. Una njia mbili. Unaweza kubadilisha ganda: mgodi uwe kituo chini ya barafu, mayai yawe kitu kingine, majina yote mapya. Inafanya kazi, ila mnapoteza raha ya kuwa ndani ya Star Trek, na nadhani kikundi chako kilikuja kwa ajili ya raha hiyo. Njia ninayoipenda ni kumwita kabla ya kikao na kumpa kiti cha Vanderberg. Anajua siri yeye, mhusika wake haijui, na furaha yake ni kumtetea vizuri mtu asiyejua. Ukishauacha mwisho wazi, kujua jinsi Kirk alivyomaliza hakumsaidii sana mtu.

Tuje kwa nahodha. Tatizo hili ni kongwe, na chanzo chake ni televisheni yenyewe, kwa sababu televisheni hupenda macho yetu yawe kwa mtu mmoja anayeamua. Mezani watano wana haki sawa ya jioni. Watengenezaji wa michezo wamepambana nalo kwa namna mbalimbali na inafaa uzijue. FASA, kampuni ya Marekani iliyotoa mchezo rasmi wa Star Trek miaka ya 1980, ilimpa kila afisa wa chombo paneli yake wakati wa mapigano: mhandisi ndiye anayegawa nguvu za mitambo kati ya mwendo, ngao na silaha, na nahodha hawezi kumshikia kalamu. Mchezo wa sasa, uliotolewa mara ya kwanza na kampuni ya Modiphius mwaka 2017, unaruhusu mchezaji ambaye mhusika wake yuko mbali na tukio achukue mhusika msaidizi, muuguzi au mlinzi au fundi, ili asikae bure wenzake wakiwa mgodini. Waliotengeneza mchezo wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, walikuwa na shida hiyo hiyo kwa ukali zaidi, maana Doctor, shujaa wake, anajua kila kitu na wenzake ni binadamu wa kawaida. Mchezo uliotoka mwaka 2009 uliweka kanuni ninayoiona nzuri mno: katika hatari, wanaotaka kuongea hutenda kwanza, kisha wanaokimbia, kisha wanaofanya kazi ya mikono, na wanaopigana huja mwisho. Kanuni moja, na moyo wote wa tamthilia umeingia mezani. Ungeitumia jioni ile, mtu mmoja tu aliyetaka kusema na Horta angepata nafasi kabla ya risasi ya kwanza.

Kwa kikundi chako ningeanza na jambo jepesi. Nahodha awe mhusika wako wewe, abaki juu kwenye chombo, na awatume hao watano chini na amri moja isiyotosha: "Irudisheni pampu." Hasara yake ni kwamba mtu anayeota kuwa nahodha atanung'unika. Kama hilo ni kubwa kwenu, mwacheni awe nahodha lakini kwa makubaliano yanayosemwa wazi kabla ya kuanza: anaamua mwelekeo, haamui tendo la mhusika wa mtu mwingine. Kupokezana cheo nako kunawezekana, ila hadithi hupoteza uti wa mgongo, kwa hiyo mimi sikupendekezei.

Si kila kipindi kizuri kitakubali. The Twilight Zone, tamthilia nyingine ya televisheni ya Marekani iliyorushwa kati ya 1959 na 1964, ina mifano ya pande zote. Kuna kipindi cha mpenda vitabu anayebaki peke yake baada ya bomu la nyuklia, akiwa na maktaba nzima na muda usio na mwisho, kisha miwani yake inavunjika. Ni kazi nzuri ambayo haiwezi kuchezwa: mtu mmoja, pigo moja, hakuna uamuzi. Lakini chukua kile cha mtaa wa Maple, cha mwaka 1960, ambapo umeme unazimika, gari moja linawaka lenyewe, na majirani wanaanza kuulizana nani kati yao si binadamu. Hapo kila mchezaji ana nyumba, ana siri ndogo, ana sababu ya kuogopa. Kinachezeka vizuri mno, tena kwa ukali, na ndiyo maana watu wakubaliane kabla kwamba wataweza kugeukana. Usiwashtukize marafiki na mchezo wa kushutumiana.

Vipindi vya mtanziko wa maadili vina mtego wake. Kwenye "Genesis of the Daleks" ya Doctor Who, mwaka 1975, Doctor ameshika nyaya mbili. Akiziunganisha, Daleks, maadui zake wakatili, wanaangamia kabla ya kuanza, na anajiuliza kama ana haki hiyo. Kumbuka kinachofuata: mtu anakuja mbio na habari njema, na Doctor anaziachanisha nyaya kwa furaha. Mwandishi alimwokoa asiamue. Televisheni hufanya hivyo mara nyingi kwa sababu wiki ijayo shujaa lazima apendeke. Wewe huna deni hilo. Ukiwafikisha wachezaji kwenye nyaya mbili, mtu asije mbio. Na "The City on the Edge of Forever" ya Aprili 1967, ambamo Kirk lazima amwache afe mwanamke anayempenda, ina ugumu wa kinyume: huwezi kumwamuru mchezaji apende. Ukikitaka, tumia vikao viwili vizima kumjenga mhusika huyo, awape kazi, chakula na mahali pa kulala, ndipo saa ifike.

Mwisho, kuuza. Kucheza nyumbani na marafiki hakumsumbui mtu. Kuchapisha na kutoza fedha ni jambo jingine: majina, wahusika, vyombo na maandishi ya Star Trek ni mali ya wenyewe, na FASA na Modiphius walifanya kazi chini ya leseni. Watu hudhani kubadilisha majina kunatosha, na wengine hudhani hata wazo haliguswi. Kwa ujumla sheria hulinda namna kitu kilivyoelezwa, haifungi wazo tupu. "Balance of Terror" ya Desemba 1966, ambamo vyombo viwili vinawindana gizani, ilifuata kwa karibu mno umbo la filamu ya nyambizi ya mwaka 1957 iitwayo The Enemy Below, na leo ni kati ya vipindi vinavyoheshimiwa zaidi. Mama anayelinda mayai chini ya ardhi ni wazo. Horta wa Janus VI ni mali. Lakini mpaka kati ya hayo mawili huwa mwembamba, na jibu la maandishi kama hili halikulindi. Kabla ya kuuza hata nakala moja, mpelekee mwanasheria wa hakimiliki andiko lenyewe alisome. Kama uko Kenya anzia KECOBO, kama uko Tanzania anzia COSOTA, ambazo ndizo taasisi za hakimiliki za nchi hizo, uulize utaratibu wao.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao ningekutafutia haraka zaidi ya mwanasheria. Tafuta meza ya msimulizi mwenye uzoefu na ukae kama mchezaji, vikao viwili vitatu. Mtazame anavyopokea jambo asilolitarajia: anachonyamazia, anachouliza, muda anaouacha upite kabla ya kujibu. Hilo halifundishwi kwa maandishi. Na kama baada ya kikao cha mayai na marungu mmoja wenu ameondoka ameumia kweli, mtafute pembeni kesho yake, wawili tu, umsikilize kabla hamjakutana tena kama kikundi.

Kwa kikao kijacho, ningewaomba wote watano waanzie palepale mlipoachia, kwenye handaki, bunduki zikiwa bado moto. Waambie Horta amekufa. Kisha waulize nani anashuka kuitafuta pampu.